Pua Iliyoaminiwa

Gesi inayopita kwenye mabomba ya mji haina harufu. Watu wengi hawalijui hilo, na ukiwaambia wanakutazama kama umepungukiwa. Ule uvundo wa yai bovu unaokufanya ukimbilie koki jikoni umetiwa makusudi, huko nje ya mji kwenye kituo cha kuchanganyia, na bwana mmoja mwenye pampu na pipa la dawa. Kanuni ndiyo inayotaka hivyo: gesi ikivuja, mtu wa kawaida asiye na kifaa chochote aisikie harufu kabla gesi haijafika hata sehemu ya tano ya kiasi kinachoweza kushika moto. Na kwa kuwa kanuni imesema mtu, haikusema mashine, lazima awepo mtu wa kuzunguka mjini akinusa.

Mtu huyo alikuwa mjane mmoja ambaye kazini walimwita Bi Pua, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hakulichukia. Kila asubuhi alitundika begani kisanduku chake cha kunusia, chenye kikombe cha kuingizia pua, kitufe cha kuzungusha na mshale wa kuonyesha kiwango. Alikwenda wapi? Kwenye miisho ya mabomba, kule ambako gesi imesafiri mbali na harufu yake imepungua nguvu. Aliunganisha mpira kwenye koki, akainamisha kichwa, akazungusha kitufe taratibu. Gesi kidogo iliingia kwenye hewa, kisha nyingine kidogo. Pua iliposhtuka alisema "hapo," hata kama hakuna wa kumsikia, akausoma mshale, akafunga virago na kwenda mwisho mwingine. Alianza kazi hiyo binti yake akiwa mchanga, na sasa binti mwenyewe ni mjamzito.

Usidhani ni kazi ya kupunga upepo. Koki nyingi ziko chini, usawa wa magoti, nyuma ya mapipa ya taka na vibanda vya mbwa. Mgongo unalalamika, wenye nyumba wanalalamika, na mtu akipita na kukukuta umetumbukiza pua kwenye kikombe hakosi la kusema. Lakini Bi Pua alikuwa na heshima yake. Ilisemekana aliweza kupita uwani akakwambia chungu cha nani kinaungua, ghorofa ya ngapi. Katika jengo alilokaa hakuna aliyepiga simu ya dharura. Mtu akiwa na wasiwasi alipanda ngazi, akabisha hodi kwake, na Bi Pua akateremka na kanga yake begani kwenda kunusa. Akisema hakuna kitu, watu walilala. Mteja wake mkubwa alikuwa fundi cherehani wa chini, ambaye chumba chake kilipakana na kabati la mita za gesi chini ya ngazi, na pasi yake ya umeme haikupoa tangu asubuhi hadi jioni.

Kazini alikuwa na mtani wake, mkuu wa kikosi cha dharura, waliyemwita Sabuni. Huyu hakuamini pua ya mtu. Kila palipodhaniwa pana uvujaji alipaka povu la sabuni kwa brashi kwenye maungio ya bomba, akachuchumaa kungoja. Povu likivimba, bomba linavuja. Likitulia, twende nyumbani. "Sabuni haipati mafua," alikuwa akimwambia Bi Pua kila walipokutana, na Bi Pua akimjibu kwamba sabuni haina miguu, bila pua ya kumwita asingejua aipake wapi. Walicheka hivyo miaka nenda miaka rudi.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililowaponza. Kanuni hiyohiyo inataka mnusaji naye apimwe pua yake kila mwaka. Katika kampuni yao, aliyewapima wanusaji wengine alikuwa Bi Pua. Aliwakalisha kwenye kiti, akazungusha kitufe, akasubiri waseme "hapo." Yeye mwenyewe hakupimwa na mtu. Nani angethubutu? Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini hawakusema wenzake wakae wakimtazama hadi nywele zimfunike masikio.

Msimu wa mvua ulipoanza alishikwa na mafua, yale ya kulala na kuiona dari inazunguka. Akapona, akarudi kazini na miguu bado mizito. Chakula kikawa hakina ladha, akaongeza chumvi. Binti akainua uso kutoka kwenye sahani akamuuliza kama anataka kuwaua kwa presha. Bi Pua akasema ni uchovu tu, mtu akishachoka na ulimi nao huchoka. Na kweli alikuwa amechoka. Alichoka asubuhi kabla hajashuka kitandani, na mtu aliyechoka namna hiyo hapati nafasi ya kujiuliza uchovu wake umefunika nini.

Kule kwenye miisho ya mabomba, mshale ukaanza kupanda. Mahali ambapo zamani pua yake ilishtuka mapema, sasa alizungusha kitufe, akazungusha tena, ndipo akahisi kitu kwa mbali, au akadhani amehisi. Kwa mtu wa kazi ile maana yake ilikuwa moja: dawa ni chache, gesi inapita mjini kimyakimya, na siku ikivuja watu watakaa nayo chumbani bila kujua. Akaogopa. Na hapa tumtendee haki mama wa watu. Hakuwa mwongo wala mvivu, aliogopa kwa ajili ya wengine.

Akaenda mpaka kituo cha kuchanganyia. Mtia dawa akamwonyesha pampu, akamwonyesha pipa, akaapa kwamba anatia kiasi kilekile cha siku zote. Bi Pua akamjibu kwamba kanuni inazungumzia pua ya binadamu, haizungumzii pampu. Na hilo lilikuwa kweli. Mkuu wa kitengo, bwana aliyependa amani kuliko kitu kingine chochote, alijua wakaguzi wa mamlaka wako njiani, na mshale uliopanda haukuwa kitu cha kuwaonyesha wageni. Akaamuru dawa iongezwe. Wiki iliyofuata Bi Pua akanusa tena, mshale uko juu vilevile. Ikaongezwa tena.

Mji ukanuka. Mtu akiwasha jiko, ile gesi kidogo inayotangulia kiberiti ikatosha kukimbiza familia nzima uwani. Simu za dharura zikalia mfululizo. Kikosi cha Sabuni kikawa hakilali wala hakili: walipaka povu kwenye maungio mazima, povu likatulia, wakaenda nyumba ya pili, likatulia, ya tatu hivyohivyo. Siku moja Sabuni alimkuta Bi Pua getini, macho yake mekundu. Hakumtania. Alisema watu wakizoea kupiga simu bure, na wao wakizoea kwenda bure, siku ya kweli hatapatikana wa kukimbia. Bi Pua alimwambia bora harufu izidi kuliko ipungue. Waliachana hapo, kila mmoja akiona mwenzake haelewi.

Na katika jengo lake mwenyewe, fundi cherehani akapanda ngazi akabisha hodi. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi na pale chini kwake kunanuka. Bi Pua akavaa kanga yake, akateremka, akasimama mbele ya kabati la mita, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Hakuna kitu, fundi. Dawa imeongezwa mji mzima, ndiyo mnayoisikia."

Fundi akashukuru kwa moyo wote. Akarudi ndani, akaishika pasi yake.

Aliyebaki akilalamika ni binti. Mume wake alikuwa akifanya kazi mbali, na yeye amerudi kwa mama kungojea kujifungua, kwa hiyo alipanda na kushuka ngazi zile kila siku, tumbo mbele. Kila akipita kwenye kabati la mita alishika ukuta. Mama yake akamwambia ni mimba. Mjamzito husikia harufu ya chumvi. Binti akasema si mimba. Mama akasema yeye ndiye anayejua. Siku tatu nne walikwenda hivyo, na wewe unajua nyumba ya watu wawili inavyokuwa wakishanuniana, hata vijiko vinagongana kwa hasira.

"Mama, mbona hutaki kunisikia?" binti aliuliza mwishowe.

"Nimeinusa mwenyewe, mwanangu. Mji mzima unaamini pua yangu, wewe peke yako ndiyo huiamini?"

Binti alisubiri mama yake aende kazini, akateremka nje mpaka barabarani, akapiga simu.

Bi Pua aliporudi mchana, kisanduku begani, aliliona gari la dharura limesimama mlangoni na majirani wamejipanga ng'ambo ya barabara. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara. Alimtazama mama yake mara moja tu, kisha akatazama miguu yake iliyovimba. Bi Pua aliona aibu, lakini ya kumwonea binti: kawaita watu waliochoka kwa ajili ya kichefuchefu. Akaingia ndani aombe radhi.

Sabuni alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati lililo wazi, kitambaa kimefunika pua na mdomo, machozi yanamtoka. Kwenye ungio la chini povu lilikuwa limevimba, likapasuka, likavimba tena. Pasi ya fundi ilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Bi Pua alipiga magoti kando yake, uso karibu kabisa na bomba, kama alivyofanya maisha yake yote. Akavuta pumzi, akavuta tena.

Alisikia Sabuni ameacha kufanya kazi. Alipogeuka, akakuta anamtazama yeye, hatazami bomba.

"Husikii kitu," Sabuni akasema.

Bi Pua akafungua mdomo aseme ni uchovu. Badala yake akainama tena, akavuta pumzi mara ya tatu.

"Mimi hapa koo linaniwaka, na nimejifunga kitambaa. Wewe umeinama juu yake kama unanusa maji." Sabuni akaifunga koki kubwa, akaegemea ukuta. Alikuwa anaunganisha mambo, na uso wake ulionyesha kila alipofika. "Kwa hiyo mwezi mzima tunakimbizana na pua yako. Mji mzima tumeujaza uvundo, na penye uvujaji wa kweli umewaambia walale."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alimwambia kesho atapimwa kwenye kile kiti, na asipokwenda mwenyewe, yeye Sabuni atakwenda kusema. Kisha akafungua madirisha ya ngazi, moja baada ya jingine, kwa mikono ya mtu aliyechoka sana.

Majirani walimrahisishia jambo, na hilo lilimwumiza kuliko lawama. Fundi cherehani alisema bila shaka bomba lilianza kuvuja baada ya Bi Pua kunusa, maana lingekuwa linavuja tangu mwanzo, angelisikia. Wengine wakaitikia. Bi Pua akasimama katikati yao na kisanduku chake, akawaacha waamini hivyo. Binti peke yake ndiye hakuitikia.

Asubuhi yake alikaa kwenye kiti cha kupimia, kile alichowakalisha wengine. Sabuni akashika kitufe nyuma ya ubao ili asiuone mshale. Mkuu wa kitengo alisimama mlangoni, akiomba kimoyomoyo pua ile iwe nzima, kwa sababu ikiwa mbovu yeye ndiye atakayewaeleza mamlaka ni kwa nini mji unanuka.

Kuna jambo ambalo si Sabuni wala mkuu aliyelifikiria. Kile kitufe kikizungushwa hulia, kilio kidogo cha chuma, na Bi Pua alikisikiliza kilio hicho tangu ujana wake. Alijua kikilia mara ngapi ndipo pua nzima husema "hapo." Pua ilikuwa imekufa lakini masikio yalikuwa hai. Neno moja tu kwa wakati wake, naye angetoka pale na kazi yake, na jina lake, na kodi ya nyumba ambayo mtoto wa binti yake atazaliwa ndani yake.

Akaingiza pua kwenye kikombe. Kitufe kikalia, kikalia tena. Pale mahali pa kusema "hapo" pakakaribia, pakafika. Mkuu wa kitengo akakohoa kidogo mlangoni, kile kikohozi cha kumsaidia mtu. Bi Pua aliikumbuka miguu ya binti yake iliyovimba, pale ukingoni mwa barabara. Akabana meno. Pale mahali pakapita.

Sabuni aliendelea kuzungusha. Baadaye mkuu akatoka nje akiwa ameziba pua, na Sabuni mwenyewe akaanza kupiga chafya, na Bi Pua bado ameinama juu ya kikombe, anavuta hewa safi kabisa.

"Kimefika mwisho, dada," Sabuni akasema. Hakuwahi kumwita dada kabla ya siku hiyo.

"Basi andika hivyo."

Dawa ikapunguzwa, mji ukarudi kunuka kama miji mingine. Wanusaji wote wakapimwa upya, safari hii na mtu kutoka nje, na mkuu wa kitengo akawaeleza mamlaka kwa maneno mengi jambo lililohitaji maneno machache. Daktari alimwambia Bi Pua kwamba harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, asubiri. Alichoka hata na kusubiri. Kisanduku akapewa mwingine, na yeye, kwa vile miaka yake haikutosha kustaafu na huruma ya kampuni haikutosha kumlipa akae bure, wakamweka kwenye chumba cha simu za dharura, na chombo cha kusikilizia kichwani. Zamani aliwadharau watu wa chumba kile. Aliwaita makasuku.

Binti akajifungua mtoto wa kike. Bi Pua alimpokea mjukuu, akamwekea pua utosini kama mabibi wote wanavyofanya, akavuta pumzi ndefu. Hakupata kitu. Alilia, na watu wakadhani ni furaha, na kweli furaha nayo ilikuwemo.

Lakini pale jengoni hakusema. Kazini amesema, daktari amemwambia, binti anajua na ameshamsamehe kwa namna yake ya kuosha vyombo bila kuvigonganisha. Kwa majirani mdomo ulikuwa mzito. Asubuhi akiondoka fundi cherehani bado alimwamkia "Shikamoo, pua yetu," naye akaitikia "Marahaba," akapita. Kila jioni alijiambia kesho. Aibu ya nyumbani ni nzito kuliko ya kazini, kwa sababu utaamka nayo na kuipita ngazini.

Siku moja, saa za mchana, simu ilimlilia masikioni.

"Dharura ya gesi, nakusikiliza."

Sauti ya mwanamume ikaanza kwa kuomba radhi, kama wanavyoanza wote. Labda ni mawazo yake tu, akasema, na hataki kusumbua watu, lakini hapa chini pana kaharufu. Akataja mtaa, akataja jengo. Bi Pua alikuwa ameijua sauti tangu kwenye radhi.

"Sasa hapa kwetu tuna mama mmoja, mnusaji wa kampuni yenu," fundi akaendelea. "Huwa tunamuuliza yeye kwanza, ila yuko kazini. Nilikuwa nauliza, si tungemsubiri tu arudi jioni, anuse, ndiyo tuwaite?"

Bi Pua akashika ukingo wa meza. Ghorofa ya juu, saa kama ile, binti yake alikuwa amemlaza mtoto, naye amelala kando yake kwa uchovu wa uzazi.

"Msimsubiri," akasema. "Huyo mama hasikii harufu. Hakusikia hata ile mara ya kwanza. Pasi usiiguse, usiwashe kitu wala usizime kitu. Acha mlango wazi, wagongee wenzako kwa mkono, usibonyeze kengele, mtoke wote. Anza na yule wa juu mwenye mtoto mchanga."

Upande wa pili kiti kikasikika kikiburuzwa.

"Bi Pua? Ni wewe?"

"Ni mimi, fundi. Umesikia wewe, inatosha. Nenda."

Kwa mkono mwingine alikuwa ameshabonyeza kengele ya kikosi, na uwani gari la Sabuni likaunguruma. Fundi hakukata simu. Alikimbia nayo mkononi. Bi Pua akasikia viatu vikipanda ngazi anazozijua, pumzi za fundi zikikatika kwenye kona ya pili, kisha ngumi ikigonga mlango wa nyumba yake, ikigonga tena, na tena, mpaka mlango ukafunguka.